Kufungua laptopu nyumbani: umeme unaobaki ndani njo wa kuogopa kwanza

Katika miji yetu ya mashariki, ikuwe Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, laptopu mingi ambazo watu wanatumia ni za okazyo. Zilifanya kazi miaka katika ofisi za Ulaya na kwingine, kiisha wafanyabiashara wakazileta huku. Zile unakutana nazo zaidi ni Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Ni mashini za nguvu, lakini zinafika na uzee wake: batri imechoka, ventilatere imejaa vumbi, diski ni ile ya zamani yenye kuzunguka, na memwari ya RAM mara mingi haipite giga 4. Mwenye kuitumia ni mwanafunzi anayeandika TFC yake, ni mwalimu, ni kijana wa sekretaria pale kando ya barabara anayelisha nyumba kwa kuandikia watu barua na kupiga fotokopi. Siku mashini inakufa, kazi nayo inasimama.

Kuko watu wanaogopa hata kugusa visi moja. Kuko wengine wanaifungua na kisu cha jikoni, kama vile radio ya zamani. Mashini hizi za ofisi zilitengenezwa ili zifunguliwe: chini kuko mufuniko, mufuniko uko na visi, na ndani sehemu zingine zinatoka bila shida. Kile kinachoua karte za ndani ao kuumiza mutu, mara mingi haiko kule kufungua kwenyewe. Ni umeme uliobaki wakati mutu anafikiri ameshauzima.

Jambo moja ambalo watu wengi hawajui: Dell, HP na Lenovo wanaweka kwenye intaneti, bila malipo, kitabu cha kufungulia kila modeli. Kinaonyesha kila visi iko wapi na kitu gani kinatoka cha kwanza. Vingine viko hata katika Kifaransa. Tafuta namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya mashini, na utumie mega chache kukipakua. Ni afazali kuliko video ya mutu anayefungua modeli ingine, inayofanana na yako kwa sura tu.

Kazi ya nyumbani na kazi ya fundi

Nyumbani, mutu mwenye mikono ya utulivu anaweza kutosha vumbi, kuongeza memwari, kubadilisha diski na kubadilisha batri. Kuunganisha kwa risasi ya moto, kutengeneza tundu la sharjere, ao kufufua karte kubwa ya ndani, ile mafundi wanaita karte-mere, hiyo wachia fundi.

Kisha kuko vitu ambavyo hata kama uko na turnevisi nzuri, usifungue kabisa. Cha kwanza ni ile tofali nyeusi ya sharjere. Umeme wa SNEL ni volti 220, lakini ndani ya ile tofali unageuka karibu volti 310 na unawekwa katika kondansatere, kipande kinachoweza kuulinda hata nyuma ya kuchomoa kwenye ukuta. Unaweza kukupiga wakati kable iko mezani. Cha pili ni batri yenyewe. Katika masoko utaona watu wanapasua kifuko cha batri ili waingize vipande vipya. Ukikosea hapo, moto unatoka. Batri ikiisha, inabadilishwa nzima.

Mbele ya kununua memwari, hakikisha kwanza kama yako inabadilishwa. Katika MacBook Air na laptopu mingi nyembamba, memwari imegandishwa kwenye karte, hakuna pa kuongeza. Mutu anaweza kupoteza dola zake bure.

Mbele ya kushika turnevisi

Ya kwanza ni kuchunga kazi yako. Weka kopi ya maandiko na picha zote kwenye diski ya inje ao flashi, kiisha ufungue ile kopi uone kama inasoma kweli. Kama Windows yako inatumia BitLocker, andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48, juu inaweza kuuomba nyuma ya kubadilisha kitu ndani, na bila ule ufunguo diski inabaki imefungwa hata kwako mwenyewe.

Ya pili, acha batri ishuke mpaka chini ya asilimia 25. Kwa namna umeme unakatika hapa kwetu, hiyo haitakuwa kazi ngumu. Batri iliyojaa ikitobolewa kwa bahati mbaya inawaka vikali zaidi kuliko ile iliyo karibu kuisha.

Ya tatu ni nafasi. Meza safi, mwangaza wa mchana, kitambaa cheupe cha pamba ili visi zionekane. Haiko juu ya kitanda, haiko juu ya tapi, na watoto wakae mbali. Vyombo ni vichache: turnevisi ndogo ya musalaba ya PH0 na PH00, kwa modeli zingine Torx T5, na kitu cha plastiki cha kufungulia mufuniko. Mediatore ya gitare ao karte ya benki iliyoisha muda inafaa. Kisu kinakata kable na kutoboa batri. Turnevisi kubwa nayo inakula kichwa cha visi, na visi ikishaliwa kichwa, ile kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku mbili.

Umeme wa namna tatu

Umeme wa kwanza ni wa ukuta, na kila mutu anaujua. Zima mashini kabisa, haiko kuilaza usingizi. Katika Windows, shikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, ndipo inazimika kweli. Kiisha tosha sharjere, flashi, modemu, karte ya memwari, kila kitu kilichochomekwa. Kama batri yako iko inje na inashikwa na vifungo viwili chini, itoshe sasa. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ushikilie sekunde kama 20, ili umeme mudogo uliobaki kwenye karte uishe.

Umeme wa pili njo unaoua mashini mingi: batri ya ndani. Katika laptopu za miaka hii, batri iko chini ya mufuniko na inaendelea kulisha karte-mere hata kama taa zote zimezimika. Kwa hiyo, ukishafungua, kitu cha kwanza kabisa cha kugusa ni kichwa cha kable ya batri pale kinaingia kwenye karte. Kitoshe kwa kushika kichwa chenyewe, usivute nyaya. Hata kama unataka kutosha vumbi tu, fanya hivyo kwanza. Visi moja ikianguka kwenye karte yenye umeme, mashini inaweza kufa palepale.

ThinkPad mingi ziko na jambo zuri hapa: mbele ya kufungua, ukiwasha na kubonyeza F1, katika Config na Power kuko mustari wa kuzima batri ya ndani. Inabaki imezimika mpaka utakaporudisha sharjere. Lakini angalia, zingine kama T480 ziko na batri mbili, moja ya inje na moja ya ndani. Kutosha ile ya inje peke yake haitoshi kitu.

Umeme wa tatu hauonekani. Mwili wa mutu unabeba umeme mudogo, zaidi kiangazi, ao ukivaa nailoni na jaketi za manyoya ya plastiki. Mutu anaanza kuusikia kwenye kidole karibu volti 3.000, lakini sehemu zingine za karte zinaweza kuharibika hata chini ya volti 100, bila wewe kusikia chochote. Vitabu vinasema ujiunganishe na udongo kupitia priza. Nyumba zetu mingi priza haina ule waya wa udongo, basi ushauri huo hauna maana, na usiache laptopu imechomekwa eti ndiyo inakulinda. Vaa pamba, gusa chuma kikubwa kisicho na rangi, kwa mufano antivoli ya dirisha ao bomba la maji la chuma, na urudie kila mara unaposimama na kurudi. Memwari na diski zishikwe kwenye kando, vidole visiguse ile sehemu ya rangi ya zahabu.

Ukiwa hapo ndani, angalia vipande vidogo vya manjano ao vyeusi kwenye karte. Vingine ni kondansatere za tantali, madini inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, kule Masisi. Na kobalti ya batri, sehemu kubwa ya ile ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Vitu vilitoka kwetu, vikazunguka dunia, vikarudi vikiwa okazyo.

Visi, vumbi, memwari, diski

Visi hazilingani urefu. Visi ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa karte-mere. Chora mashini kwenye karatasi, na kila visi unayotosha uibandike na skochi pale inapotoka kwenye muchoro. Piga picha kila hatua. Kama mufuniko unakataa, usilazimishe; mara mingi kuko visi moja iliyojificha chini ya kibandiko ao chini ya mpira wa mguu.

Vumbi la Goma linatokana na mawe ya volkano, ni kali na linakula ventilatere. Lisukume na broshi laini iliyo kavu, ukishikilia mabawa ya ventilatere na kijiti yasizunguke. Usipeleke mashini kwa kompresere ya kwado: ile hewa inatoka na maji na mafuta, na ventilatere ikizungushwa na hewa kali inaweza kurudisha umeme kwenye karte. Usipulize na mdomo, juu ya mate. Petroli na manukato, hapana.

Memwari inaingia ikiinama kidogo, karibu digrii 30, kiisha unaishusha mpaka vyuma viwili vya kando vilie. DDR3 haiwezi kuingia pa DDR4, lile pengo dogo haliko pamoja. Kama inakataa, usisukume. Kwa DDR3 angalia pia kama mashini yako inataka ile ya volti 1,35, inayoandikwa DDR3L.

Kama uko na pesa ya kitu kimoja tu, na mashini ingali na diski ya kuzunguka, nunua SSD. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha mashini ya zamani kama hicho. Angalia sura: ile ya inchi 2,5 inachukua nafasi ya diski ya zamani, ile ya M.2 ni kama kipande cha chingamu. Lakini M.2 nazo ni za aina mbili, SATA na NVMe. Kwa macho zinafanana karibu, na mashini inaweza kukubali moja ikakataa ingine. Diski ya zamani usiiuze haraka, iko na maisha yako yote ndani. Na ukipeleka laptopu kwa fundi kwa shida ya klavye ao ya tundu la sharjere, unaweza kubaki na diski nyumbani, kama fundi haiitaji. Piga pia picha ya namba za memwari mbele ya kuiachia kwake. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Batri iliyovimba

Ukiona laptopu inayumba juu ya meza, pale pa kupitisha kidole pameinuka, ao mufuniko haufungi tena vizuri, batri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiikandamize, usiitoboe ili hewa itoke: ile hewa inaweza kuwaka na ni sumu. Kama imegandishwa na gundi na haitoki kwa ulaini, simama hapo, umwite fundi. Ikitoka, iweke inje ya nyumba ndani ya ndoo ya chuma yenye muchanga mukavu, mbali na jua na kitu chochote cha kuwaka. Ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, tosha watu kwanza. Usiitupe chooni, usiitupe ziwani, na usiichome na takataka. Muulize muuzaji wa batri mupya kama anapokea za zamani.

Chai ikimwangika kwenye klavye, zima palepale, chomoa, geuza mashini kichwa chini. Muchele hausaidie kitu. Kinachoharibu ni sukari na maziwa yanayobaki kwenye karte, kwa hiyo ifunguliwe na kupanguswa na alkoli ya asilimia 90 na zaidi, na usijaribu kuiwasha «ili uone tu».

Wakati wa kufunga

Hesabu visi. Kichwa cha batri kinarudi cha mwisho, mbele tu ya mufuniko. Washa ukiwa umeweka visi mbili ao tatu tu, ili usifungue tena zote kama kuko shida. Nyuma ya kuongeza memwari, ekrani inaweza kubaki nyeusi dakika moja ao mbili mashini ikiwa inajifunza memwari mupya, ngoja. Kama bado ni nyeusi, zima, tosha sharjere, fungua, tosha kichwa cha batri, kiisha ondosha ile memwari na uirudishe vizuri. Mara mingi haikuwa imeingia mpaka mwisho.