Rangi Inayofichua Sumu: Miaka 125 Kutoka Basel Hadi Zebaki

Mwaka 1864, watu waliokuwa wakiishi jirani na kiwanda cha rangi mjini Basel, Uswisi, waliugua baada ya kunywa maji ya kisima. Kiwanda kilitengeneza fuksini, rangi nyekundu ya vitambaa iliyokuwa ikitamba Ulaya, na utengenezaji wake ulitumia aseniki kwa wingi. Mkemia wa mji, Friedrich Goppelsröder, aliyapima maji ya visima vya pale akakuta aseniki. Mwenye kiwanda alifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Miaka mitatu baadaye, mkemia huyohuyo alikuwa akichunguza morini, rangi ya manjano itokanayo na mti ulioletwa kutoka Cuba. Alipoichanganya na chumvi ya alumini, iling'aa kijani. Mng'ao wa namna hiyo ulikwisha kujulikana: mwaka 1852 George Stokes wa Cambridge alieleza jinsi kwinini inavyopokea mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kuutoa tena ukiwa wa buluu. Jipya la Goppelsröder lilikuwa kuufanya mng'ao uwe kipimo cha metali.

Bahati mbaya, metali zenye sumu hazikuwa tiifu kama alumini. Zebaki na shaba huelekea kuuzima mng'ao badala ya kuuwasha. Nishati ambayo rangi imeipokea hupotea kabla ya kutoka kama mwanga. Na kuzimika ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa hata uchafu wa kawaida unaweza kuififisha rangi. Mwaka 1956, ugonjwa wa ajabu wa neva uliporipotiwa Minamata, Japani, kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na zebaki ya kiwanda, rangi ya kuifichua zebaki kwa kung'aa majini ilikuwa bado haijapatikana.

Ufumbuzi ulianza kuonekana miaka ya 1980. A. Prasanna de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast, alibuni molekuli zenye upande unaong'aa na upande unaokamata ioni (chembe zenye chaji, kama zile za metali), pande hizo mbili zikiwa zimeunganishwa kwa kiungo kifupi. Upande wa kukamata ukiwa mtupu, elektroni yake huhamia upande wa pili na kuuzima mwanga. Ioni ikishanasa, elektroni hiyo hushikiliwa mahali pake, na taa huwaka.

Nchini Marekani, kundi la Anthony Czarnik, Chuo Kikuu cha Ohio State, lilionyesha kwamba zinki na kadmiamu zinaweza kuongeza mng'ao ndani ya maji. Zebaki ilihitaji ujanja wa peke yake. Mwaka 1992, Czarnik na mwenzake Chae walitumia uchu wa zebaki kwa salfa. Waliunda rangi iliyofifishwa na salfa iliyofungwa ndani yake. Zebaki ikifika huing'oa salfa hiyo, na rangi iliyobaki hung'aa. Fedha pia iliweza kufanya hivyo. Na kwa kuwa salfa ikishang'oka hairudi, rangi hiyo hutumika mara moja tu.

Tangu hapo rangi za aina hii zimebuniwa kwa wingi mno, lakini nyingi hazijatoka maabara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza zebaki isiyo ya kikaboni isizidi mikrogramu 6 katika lita moja ya maji ya kunywa. Rangi inayokiona kiasi hicho kwenye maji safi inaweza kudanganywa na tope na chumvi za mtoni. Isitoshe, zebaki inayotoka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, kama ile ya Geita, Tanzania, hujificha zaidi kwenye tope na minofu ya samaki kuliko kwenye maji yenyewe. Kwa hiyo hukumu ya mwisho bado ni ya mitambo ya maabara. Kazi ya rangi ni kuchambua palepale kisimani ni sampuli zipi zitangulie kupelekwa huko, maana safari ni ndefu na kipimo ni ghali.