Maikrofoni za Studio: Zilizotunzwa, Zilizouzwa na Zilizohamia Chumbani

Kwa karibu nusu karne baada ya Thomas Edison kubuni fonografu mwaka 1877, muziki ulirekodiwa bila maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, akapaza sauti kadiri alivyoweza, na nguvu ya sauti hiyo ndiyo iliyoitikisa sindano ikachora mistari kwenye nta. Ala za sauti ndogo zilimezwa. Maikrofoni ya kaboni ilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1870, ila mikwaruzo yake ilivumilika kwenye simu kuliko kwenye muziki. Aliyebadili mambo ni E. C. Wente wa kampuni ya Western Electric, aliyebuni maikrofoni ya kondensa mwaka 1916. Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia za Marekani zikaanza kurekodi kwa umeme. Mwimbaji Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, utaratibu huo ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Maikrofoni za studio zilizofuata ni za aina tatu, na tofauti zao ndizo zinazoeleza kwa nini moja hutunzwa na nyingine hupigwa bei. Kondensa ina kiwambo chembamba kinachotikisika mbele ya bamba lenye chaji. Inanasa hata pumzi, lakini inahitaji umeme na haipatani na unyevu. Ya utepe ina kipande cha alumini chenye unene wa takriban mikromita 2 kilichotundikwa katikati ya sumaku. Sauti yake ni laini, ila mpulizo mmoja wa nguvu unatosha kukikunja. Dainamiki ina koili iliyogandishwa kwenye kiwambo. Haina usikivu wa kondensa, lakini inaanguka, inaokotwa na kazi inaendelea.

Kila aina ilipata bingwa wake kabla ya Vita Kuu ya Pili. Georg Neumann alifungua kampuni yake mjini Berlin mwaka 1928 na kuanza na kondensa ya CMV 3, ambayo watu waliiita chupa kwa umbo lake. RCA ya Marekani ilitoa maikrofoni ya utepe ya 44 mwanzoni mwa miaka ya 1930, kazi ya mhandisi Harry F. Olson, ikatawala vituo vya redio na kumbi za kurekodia. Mwaka 1939 Shure ya Chicago ikatoa Unidyne 55, dainamiki iliyopokea sauti ya mbele na kuipunguza ya nyuma. Ndiyo ile yenye uso wa mbavu za chuma inayoonekana hadi leo kwenye picha za wanamuziki wa zamani.

Maikrofoni inayoonyesha vizuri zaidi jinsi thamani inavyopanda na kushuka ni U 47. Mabomu yalipoilemea Berlin mwaka 1943, Neumann alihamishia kiwanda chake katika mji mdogo wa Gefell. Vita ilipokwisha alirudi Berlin Magharibi akaanza upya, huku kiwanda cha Gefell kikiendelea na kazi upande wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1949 U 47 ikatoka. Fundi aliweza kwa kugeuza swichi kuchagua ipokee sauti ya mbele tu au ya pande zote, jambo lililopunguza sana usumbufu wa kubadili maikrofoni kila wimbo. Frank Sinatra aliimbia U 47 katika studio za Capitol. Mafundi wa studio ya EMI iliyopo Abbey Road, London, waliwarekodi The Beatles kwa U 47 na ndugu yake U 48.

Ndani ya U 47 kulikuwa na valvu moja ya chuma ya kukuza mawimbi, iliyoitwa VF14, iliyotengenezwa na Telefunken. Haikubuniwa kwa ajili ya maikrofoni. Ilikuwa valvu ya redio. Kwa hiyo Neumann ilizipima moja moja, ikazichagua zilizo kimya na kuzigonga alama ya herufi M. Kwenye redio, mvumo mdogo wa valvu haukumsumbua mtu. Kwenye maikrofoni ya studio, mvumo huohuo uliingia kwenye kanda na kubaki humo. Telefunken ilipoacha kuitengeneza VF14 mwishoni mwa miaka ya 1950, akiba iliyokuwa kiwandani ikawa ndiyo umri wa U 47 yenyewe. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1965.

Hapo tayari kulikuwa na mrithi. U 67 ilitoka mwaka 1960 ikiwa na valvu ya kawaida zaidi, EF86, na ilibuniwa kwa kuzingatia kwamba waimbaji sasa walikuwa wanaisogelea maikrofoni karibu mno. Mwaka 1967 ikaja U 87, isiyo na valvu kabisa bali transista, na toleo lake la kwanza liliweza hata kutumia betri. Kwa mwenye studio wa wakati ule hesabu ilikuwa rahisi. Maikrofoni ya valvu ilihitaji sanduku lake la umeme, waya wake wa pekee, muda wa kupata joto, na valvu ambayo ingekufa siku mteja amelipia ukumbi. Studio nyingi ziliziondoa, nyingine kwa bei ya kutupa. Wengine waling'oa VF14 na kuweka mahali pake nuvista, valvu ndogo ambayo Neumann yenyewe iliitoa kama mbadala. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga, kwa kuwa kazi ya studio ni kurekodi, si kuhifadhi vitu vya kale. Hata hivyo, leo U 47 yenye VF14 yake ya asili huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000, na valvu yenyewe tu, ikiwa hai na kimya, ni mali ya kutafutwa kwa tochi.

Transista zilileta jambo jingine ambalo mwenye studio ya nyumbani analitegemea kila siku bila kujua asili yake. Shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilitaka maikrofoni zinazopata umeme kupitia waya uleule unaobeba sauti. Studio zake tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za akiba, kwa sababu majira ya baridi nchini humo yana mwanga mchache. Neumann ikatengeneza KM 84 mwaka 1966 iendane na volti hizo, na mtindo huo ukawa kanuni ya dunia nzima. Kitufe kilichoandikwa 48V kwenye mashine ndogo za kurekodia kimetokana na taa za Norway.

Maikrofoni za utepe zilipata aibu kubwa kuliko za valvu. RCA iliacha kuzitengeneza katika miaka ya 1970, na nyingi zilibaki zikipata vumbi. Zilirudi baada ya kurekodi kwa dijitali kuenea, mafundi walipoona kwamba ukali wa ala za shaba na matoazi, ambao kanda ilikuwa inaupunguza, sasa unafika masikioni mzima mzima. Royer ya California ilitoa R-121 mwaka 1998, na utepe ukarejea kazini.

Kurekodi nyumbani kwa maana ya leo kulianza mwaka 1979, TEAC ya Japani ilipouza Portastudio 144, mashine ya njia nne iliyotumia kaseti ya kawaida ya dukani. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Bruce Springsteen. Mwezi Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, alirekodi nyimbo kwa mashine hiyo na maikrofoni mbili za Shure SM57, dainamiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 kwa bei ambayo mpiga gitaa wa kawaida aliimudu. Lengo lilikuwa kuwaonyesha wenzake wa bendi nyimbo zilivyo. Walipoingia studio kuzirekodi upya, hali iliyokuwa kwenye kaseti haikupatikana tena, ikaamuliwa kaseti yenyewe ndiyo igeuzwe santuri. Nebraska ilitoka Septemba mwaka huohuo. Mtu huyo alikuwa na uwezo wa kupata maikrofoni yoyote duniani.

Mwaka huohuo, 1982, mhandisi Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7 katika albamu ya Thriller. SM7 ni dainamiki iliyotoka miaka ya 1970 na kutumiwa sana na watangazaji. Wakati huo studio zenye majina zilikuwa zimejaa kondensa za Kijerumani na Kiaustria, na chaguo hilo lilionekana la ajabu. Miaka mingi baadaye toleo lake la SM7B likawa maikrofoni ya watu wa vipindi vya intaneti, lakini lilikuja na mzigo wake: sauti inayotoka ni ndogo, linahitaji kuongezwa nguvu kwa takriban desibeli 60, na mashine nyingi ndogo za nyumbani zilishindwa kufika huko bila kuleta mvumo. Wengi waliinunua kwa sifa, wakaiuza kwa kukata tamaa. Shure ilitoa SM7dB, yenye kiongeza nguvu ndani yake, mwaka 2023.

Wimbi lililojaza vyumba kwa kondensa lilitoka China katika miaka ya 1990. Røde ya Sydney, Australia, ilianza kwa kuagiza kondensa za huko na kuziboresha kabla ya kujenga kiwanda chake. Kampuni nyingine ziliagiza na kubandika majina yao tu. Hapa ndipo lilipo kosa la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi. Kapsuli (yaani kiwambo na bamba lake) iliyonakiliwa zaidi ni ile ya U 67, inayoitwa K67, ambayo kwa asili yake inakuza sauti kali za juu. Neumann iliweka ndani ya maikrofoni sakiti ya kuzipunguza tena. Maikrofoni nyingi za bei nafuu zilichukua kapsuli zikaiacha sakiti. Matokeo yake herufi «s» na «sh» zinapiga mluzi, na mtu anayesikia mara ya kwanza hudhani huo ndio ung'avu wa studio. Baada ya nyimbo tano masikio yanachoka, na maikrofoni inaingia sokoni.

Afrika Mashariki badiliko hilo la kuhamia chumbani lilikuwa na sura yake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima kwa pamoja: waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma katika chumba kimoja, maikrofoni kadhaa zikigawana kazi. Mlimani Park na bendi nyingine za dansi ziliacha kanda zao pale kwa namna hiyo. Bongo Fleva ilipokuja katika miaka ya 1990, kwenye studio kama MJ Production na Bongo Records, mdundo ulitengenezwa kwa kinanda na kompyuta, na kitu pekee kilichohitaji maikrofoni kikawa sauti ya binadamu. Studio iliyohitaji maiki kumi ikageuka kuwa studio ya maiki moja. Ndiyo maana prodyuza anayefanya kazi chumbani hana sababu ya kukusanya kabati zima. Moja nzuri na moja ya akiba zinamtosha, na iliyobaki ni fedha iliyolala.

Swali la ibaki ipi huamuliwa kwanza na chumba. Neumann TLM 103, iliyotoka mwaka 1997 ikiwa na kapsuli iliyotokana na ile ya U 87, ina kelele yake yenyewe ya desibeli 7 tu, chini ya desibeli 12 za U 87 Ai. Ukimya huo una maana ndani ya kibanda kilichozibwa vizuri. Katika chumba chenye paa la bati kando ya kituo cha daladala, kondensa hiyo itaonyesha kwa uaminifu honi, feni na mwangwi wa ukuta wa saruji, na dainamiki ya sehemu ndogo ya bei yake, ikisogezwa mdomoni kwa upana wa vidole vinne, itatoa sauti inayofaa zaidi.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, unyevu ukipenya kwenye kapsuli ya kondensa chaji inavuja, na kinachosikika ni mikwaruzo inayofanana na mafuta yakikaanga. Kondensa ikikaa humo inahitaji sanduku lililofungwa lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Maikrofoni za kale zina udhaifu wa ziada: viwambo vya U 47 za mwanzo vilikuwa vya plastiki ya PVC, inayokauka na kukakamaa kwa miaka, na mafundi wa kuvibadili wako wachache na mbali. Anayeinunua ya namna hiyo ananunua pia safari za matengenezo.

Neumann imerudisha baadhi ya kazi zake za zamani: U 67 mwaka 2018, na M 49 mwaka 2022, zote kwa bei za wenye studio kubwa. Kwa anayerekodi chumbani, ya kwanza kuuzwa ni kondensa ya bei nafuu yenye ukali wa «s», hasa zikiwa mbili au tatu za sura moja, na fedha yake iende kwanza kwenye mapazia mazito na magodoro ya ukutani. SM57 au SM58 ya Shure isiuzwe: bei yake ya mtumba ni ndogo kiasi kwamba anayeiuza hapati kitu, na siku kondensa ikigoma ndiyo itakayomaliza kazi ya mteja.