Kutoka Amani hadi Juja: Safari za Wajuzi wa Mimea

Ukitoka Mwiki ukaishika barabara ya Thika, ukaipita Ruiru, unafika Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Humo ndani mna bustani ya mimea na kituo cha utafiti kilichojengwa na China, kikakamilika mwaka 2016. Ni sura mpya ya historia ndefu ya kuchunguza mimea ya Afrika Mashariki.

Ilianza Amani, Usambara, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, enzi za Wajerumani. Mwaka 1950 hazina ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi. Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyefika Amani mwaka 1949, aliifuata Nairobi, kisha mwaka 1964 akaenda bustani ya Kew, London, akaendelea kuandika juu ya mimea yetu hadi uzeeni.

Mmea wa hazina kama hiyo hukatwa pamoja na ua lake, ukabanwa katikati ya magazeti hadi ukauke, ukabandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na jina la aliyeukata, mahali na tarehe. Nakala moja hubaki Nairobi, nyingine hupelekwa Kew. Lakini ua likikauka rangi hupotea, na harufu pia. Anayeulinganisha Ulaya anamhitaji aliyeuona ukiwa hai. Ndiyo maana watu nao hawana budi kusafiri, na kwa muda mrefu mno waliosafiri walikuwa wageni, huku wenyeji wakipanda milima kukusanya.

Hali ilibadilika polepole. Mganda Christine Kabuye aliiongoza hazina ya Nairobi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 kazi kubwa ya kuandika mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa 1952, ilikamilika ikiwa na spishi zaidi ya 12,000.

Juja ikafungua mlango wa mashariki. Profesa Robert Gituru wa chuo hicho alisomea udaktari wake Wuhan, China, na mwaka 2013 ukafikiwa mkataba uliozaa kituo, kwa ushirikiano na Bustani ya Mimea ya Wuhan. Tangu hapo Wakenya huenda kusoma Wuhan, Wachina huja kupanda milima yetu pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa.

Katika machapisho ya mimea, mimi hutazama kwanza jina la mwandishi. Mwaka 2020 ilichapishwa orodha ya mimea ya misitu ya pwani ya Kenya. Jina linalotangulia ni la Veronicah Ngumbau, Mkenya aliyesomea Wuhan. Wenzake wa Kenya na China wanamfuata.