Moto, Maji na Mashine katika Nchi ya Bati

Mkulima wa nchi za theluji mwenye trekta kuukuu hana budi, kipupwe kinapokaribia, kufunga katika injini yake kipasha maji kidogo cha umeme, ambacho huyatia uvuguvugu usiku kucha maji yanayozunguka silinda, ili asubuhi oili isiwe nzito mithili ya asali, na betri iliyodhoofishwa na baridi isishindwe na kazi yake. Huko Kalima, mji wa bati katika wilaya ya Pangi, mkoani Maniema nchini Kongo, ambako msitu haujapata kuona jalidi, chombo hicho hakina haja. Walakini asidhani msomaji kwamba watu wa Maniema hawakuijua taabu ya kuipasha mashine moto kabla ya kuifanyisha kazi, kwani waliijua mapema, na kwa kadiri iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa mashine za kwanza zilizofika kwao zilikuwa za mvuke.

Kabla ya hapo nguvu yote iliyohamisha mali katika nchi ile ilikuwa ya mabega ya wanadamu na makasia ya mitumbwi. Pembe za ndovu alizozikusanya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, zilitoka Kasongo na Nyangwe zikabebwa na wapagazi hadi pwani, na wengi wa wapagazi hao hawakuwa na hiari. Baada ya dola ya Tippu Tip na waungwana wenzake kuvunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894, Wabelgiji walitafuta njia ya kuyakwepa maporomoko ya Lualaba, na shirika la reli la CFL, lililoundwa mwaka 1902, likafungua reli ya Stanleyville hadi Ponthierville mwaka 1906, kisha ile itokayo Kindu kwenda Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355. Na baina ya Ponthierville na Kindu abiria na shehena walichukuliwa na meli za mtoni.

Sasa basi, gari moshi halikuwashwa kama taa. Kama safari ni ya alfajiri, mkokaji alikuwa kazini tangu usiku wa manane, akianza kwa vijiti vikavu vilivyotandazwa juu ya chanja za tanuri, kisha magogo membamba, kisha yale manene, huku akiitazama mishale ya saa ya mvuke isiyotaka kuondoka penye sifuri. Wala hakuthubutu kuharakisha, kwa sababu birika la chuma likipata moto ghafla hutanuka upande huu kabla ya upande ule, na misumari yake ya kuungia hulegea, maji yakaanza kutiririka kwenye mishono. Nyuma ya mkokaji huyo walikuwako wengine ambao taarikh huwapita bila salamu, nao ni wakata kuni: kandokando ya mto na ya reli palikuwa na vituo vya magogo yaliyopangwa tayari, na vijiji vya jirani vililazimishwa kuvijaza. Mtu akisifu ustadi wa wahandisi wa reli ile, nami nausifu, na aikumbuke pia mipini ya mashoka.

Kalima yenyewe ilizaliwa kwa sababu nyingine. Kampuni ya Symetain, iliyoundwa mwaka 1932, iliikuta kasiteriti, jiwe jeusi la bati, imelala katika changarawe za vijito, na kwa kuwa jiwe hilo lina uzito unaokaribia mara 7 ya uzito wa maji, ilitosha kuuongoza mkondo upite juu ya mchanga ndani ya mfereji wa mbao: mchanga ukachukuliwa, bati likabaki chini. Maji yaleyale yakatakiwa pia kuzaa umeme, maana mto Lutshurukuru ulizuiwa na kutiwa mitambo, na mashine za Kalima zikapata nguvu isiyohitaji kuni. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, na bati la mashariki ya mbali likawa halipatikani kwa Uingereza na Marekani, serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Hivyo wingi wa maji na wa mitambo haukumpunguzia mtu wa kawaida jasho hata tone.

Pamoja na bati yalikuja malori na matrekta ya injini za mafuta, na hapo taabu ikageuka kichwa chini miguu juu. Injini zilizotengenezwa na watu wenye kuogopa baridi ziliingia katika nchi ya joto na matope, ambamo gurudumu huzunguka papo hapo na gari halisogei, upepo haupiti kwenye rejeta, na maji huchemka. Ndiyo maana dereva wa njia ya Kindu hakusafiri bila debe la maji na tambara nene la kushikia kifuniko, akikifungua robo, akingoja mvuke utoke ukifoka, ndipo akimimina kidogo kidogo na injini ikiunguruma, kwani maji baridi yakimiminwa kwa pupa juu ya chuma cha moto hukipasua kichwa cha silinda. Akifika Alunguli, ng'ambo ya Kindu, zamu ya kungoja kivuko ilikuwa rehema kwa injini kuliko kwa wenye haraka.

Mwaka 1976 kampuni za bati za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. Mwezi Oktoba 1985 soko la bati likaanguka London, na kampuni ikaanza kuwaachia wachimbaji wadogo mashimo ambayo mitambo haikuweza tena kuyalipia gharama. Ilipofika 1997 Sominki ilikuwa imekwisha na Sakima imeshika mahali pake. Sululu, beleshi, karai na mfereji wa maji vikarudi kuwa ndiyo mitambo, na serikali iliposimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011, waliokosa chakula walikuwa hao wenye makarai. Mchimbaji aliyejaliwa uwezo kidogo hununua pampu ndogo ya petroli ya kupandishia maji kwenye mfereji. Injini yake hupozwa na upepo tu, haina rejeta, na huwashwa kwa kuvuta kamba.