Barua Moja na Kitambulisho Kimoja: Serikali Ilivyoifungulia M-Pesa Mlango

Wiki hii ni zamu yangu kwenye makala zetu za historia.

Hapa Kakuma kila mafunzo ya biashara yana swali moja ambalo lazima liulizwe: mtaji utatoka wapi? Ni swali zuri. Lakini kuna lingine ambalo sijasikia watu wakiuliza sana: ruhusa itatoka wapi? Historia ya M-Pesa, kitu tunachotumia kila siku, inaonyesha kwamba hilo swali la pili linaweza kuwa zito kuliko la kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 2007, mtu wa Nairobi aliyetaka kumtumia mama yake pesa kijijini alikuwa na njia chache. Anampa dereva wa basi bahasha, ama anapitia Posta, ama anangoja ndugu anayesafiri. Benki ziko mbali, na akaunti yenyewe ilikuwa na makato. Pesa nyingine zilipotea njiani, na huna pa kushtaki.

Wazo la kutumia simu lilisukumwa na Nick Hughes na Susie Lonie, wafanyakazi wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambayo ina hisa Safaricom. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada ya DFID, ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone nayo ikaweka kiasi kama hicho. Majaribio yakaanza Oktoba 2005 pamoja na Faulu, shirika la mikopo midogo. Mpango ulikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Kumbe watu wana akili yao. Wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, mume kwa mke, mfanyabiashara kwa mwenzake. Ndio maana mpango ukabadilishwa ukawa wa kutuma pesa nyumbani.

Mpaka hapo mtaji upo, teknolojia ipo, wateja wapo. Kilichobaki ni sheria.

Sheria ya Kenya ilisema anayepokea amana za watu na kuzitumia kukopesha ni benki, na benki lazima iwe na leseni. Safaricom ilikuwa kampuni ya simu. Benki Kuu ya Kenya ingeweza kukataa. Ingeweza pia kusema, ngojeni Bunge litunge sheria mpya, na huenda wangengoja miaka. Badala yake ilikaa ikachunguza hii kitu inafanyaje kazi. Ikaona kampuni haikopeshi pesa za wateja. Ikaona kila shilingi iliyo kwenye simu ya mtu ina shilingi ya kweli iliyowekwa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa za kampuni, ili kampuni ikianguka pesa za watu zisianguke nayo. Mteja hapewi riba. Na kampuni itakuwa inaripoti kwa Benki Kuu.

Mwanzoni mwa 2007 Benki Kuu ikatoa barua ya kusema haina pingamizi. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Mwaka haujaisha, wateja wamepita milioni 1. Sheria yenyewe ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Yaani kwa miaka kadhaa kitu kikubwa hivyo kilitembea juu ya barua na usimamizi wa karibu.

Barua hiyo ilijaribiwa mapema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikawaka moto, watu wakakwama majumbani, maduka na benki nyingi zikafungwa. Wengi walipata msaada wa ndugu zao kupitia simu. Halafu Desemba 2008, wakati M-Pesa ina wateja karibu milioni 5, wenye benki wakalalamika, na John Michuki, aliyekuwa kaimu Waziri wa Fedha, akaagiza ikaguliwe. Serikali ingeweza kuifunga siku hiyo. Lakini Januari 2009 Hazina na Benki Kuu wakatangaza kwamba mfumo uko salama na unaendelea.

Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilifanya mambo mengine mawili yaliyosaidia vijana wa teknolojia. La kwanza ni waya wa intaneti wa chini ya bahari. Mpaka wakati huo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na bei kali. Serikali ikaungana na kampuni za simu kuvuta waya wa TEAMS kutoka Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, mpaka Mombasa, na ukafika Juni 2009. Waya mwingine, SEACOM, ambao ni wa kampuni binafsi, ukaanza kazi Julai. La pili, bajeti ya mwaka huo iliondoa kodi ya VAT kwenye simu za mkononi. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Nairobi, mahali vijana wa programu walikutana, na tayari walikuta intaneti ya kufanyia kazi.

Sasa nisiwadanganye kwamba serikali ilikuwa malaika. Wakati barua inatolewa, serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 60 ya Safaricom. Mwaka 2008 iliuza asilimia 25 kwa umma, ikabaki na 35. Kwa hiyo aliyefungua mlango alikuwa na faida yake ndani ya nyumba. Kampuni ndogo hazikupata hewa ile ile. Mpaka Julai 2014 ajenti wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine, na ilifika 2018 ndipo mtu akaweza kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Na ile VAT ya simu ilirudishwa 2013. Serikali inapokusaidia, angalia pia inasaidia nani mwingine, na kwa muda gani.

Hapa ndio tunaingia sisi wakimbizi.

Mlango uliofunguliwa 2007 ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake ni kitambulisho. Ili uandikishwe M-Pesa lazima uonyeshe wewe ni nani, na laini yenyewe ya simu siku hizi lazima isajiliwe kwa jina lako. Kwa Mkenya hilo ni jambo la dakika tano. Kwa mkimbizi aliyefika na karatasi tu, ama ambaye kadi yake imeisha muda na mpya haijatoka, ni ukuta. Nyote mnajua tunavyofanya: laini ya rafiki, laini ya jirani mwenyeji, laini ya mume wa dada. Ukikosana na mwenye jina, biashara yako imeenda na laini yake. Huwezi kwenda kulalamika popote, maana kwenye kompyuta pesa si zako.

Teknolojia haikosekani kambini. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza Bamba Chakula hapa Kakuma, sehemu ya posho ikawa inakuja kwa simu na unanunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Biashara hazikosekani pia. Ripoti ya shirika la IFC ya 2018 ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Mtu anayesema wakimbizi hawajui biashara hajapita Kakuma 1 asubuhi.

Tazameni majirani, maana simu ni zile zile lakini serikali ni tofauti. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Hata hivyo wengi walikwama kwenye usajili wa laini, mpaka 2019 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipoagiza kwamba kadi ya mkimbizi au barua ya utambulisho zikubaliwe. Agizo moja tu. Tanzania, kambi ya Nyarugusu ilianza kupewa msaada kwa pesa badala ya chakula mwishoni mwa 2016, na 2017 serikali ikausimamisha mpango huo. Ndugu zetu wa kule hawakupungukiwa bidii. Walipungukiwa ruhusa.

Kenya nayo imesogea. Sheria mpya ya Wakimbizi ilitiwa sahihi Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, na inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe sehemu za kaunti ambapo wenyeji na wakimbizi wanatumia huduma pamoja. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Lakini historia ya M-Pesa inatufundisha tusiishie kusoma sheria. Mwaka 2007 sheria ilikuwa haipo na kazi ikafanyika, kwa sababu kuna ofisi ilikubali kuangalia na kuandika barua. Leo sheria ipo, na bado mtu anaweza kukwama dirishani kwa sababu kadi haijatoka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wafanyakazi wa mashirika: mkitupa mafunzo ya siku tano, siku moja iwe ya karatasi. Mleteni mtu wa kaunti aeleze leseni ya biashara, mtu wa idara ya wakimbizi aeleze kadi na kibali cha kazi, na mtu wa benki aseme wazi anakubali kitambulisho gani. Mtaji unaopita kwenye laini ya mtu mwingine ni mtaji wa mtu mwingine.

Kwa vijana wenzangu: kagua tarehe ya kadi yako leo, usingoje iishe. Ukikataliwa mahali, uliza kwa adabu ni kanuni gani inakataza, andika tarehe na jibu ulilopewa, na uhifadhi. Mtu mmoja akilalamika ni kelele. Watu hamsini wenye tarehe na majibu yaliyoandikwa ni ushahidi, na ushahidi ndio kitu ambacho Benki Kuu iliutazama kabla ya kuandika ile barua.