Balbu ya Uzi na Kuondoshwa Kwake

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo na ya Darajani, mnunuzi wa zamani alipotaja "balbu ya kawaida", muuzaji hakuwa na haja ya kumwuliza swali la pili, kwa kuwa kitu kilichokusudiwa kilikuwa kimoja tu: tufe la kioo chepesi, lenye shingo ya bati na uzi mwembamba ndani yake, ambalo likipitishiwa umeme hutoa nuru ya manjano na likiguswa huunguza vidole. Jina hilo sasa limepoteza maana yake, maana kawaida yenyewe imehama, na kijana anayejenga nyumba leo akiambiwa alete balbu ya kawaida ataleta ile nyeupe ya plastiki ambayo haina uzi wala haiunguzi. Jina lililosimama juu ya mazoea huanguka mazoea yanapobadilika; sharti basi kitu hiki kitafutiwe istilahi itokayo katika tabia yake, na tabia hiyo ikishafahamika, itadhihirika pia kwa nini mataifa mengi yamekiondoa sokoni.

Waingereza huiita taa hii incandescent, neno walilolitwaa katika Kilatini, ambalo asili yake ni kitenzi kilichomaanisha kuwa cheupe na kung'aa kwa sababu ya joto. Katika mzizi huohuo lilizaliwa neno candela, yaani mshumaa, ambalo Wayunani waliliazima kwa Walatini, Waarabu wakalipokea na kulitamka qindil, na watu wa pwani yetu wakalitwaa kwa Waarabu, likawa kandili. Hivyo mzee wa Lamu aliyetundika kandili ukumbini mwake na fundi wa London aliyefunga balbu darini walikuwa wakitaja, pasipo kujuana, maneno ya ukoo mmoja. Natamani udugu huo ungetupa tafsiri iliyo tayari, lakini hautupi: kandili kwetu ni taa ya mafuta yenye utambi na chemni, na kulihamishia jina lake katika umeme ni kumpoteza msomaji.

Wapo waliojaribu "taa ya mwako". Neno ni zuri masikioni, walakini ni kinyume cha ukweli. Mwako ni kuungua, yaani kitu kuungana na oksijeni ya hewa, kikatoa ndimi za moto na kuishia kuwa moshi na majivu, kama ufanyavyo utambi wa koroboi. Ilhali uzi wa balbu hauungui, na lau ungeungua, huo ungekuwa mwisho wake papo hapo. Ndiyo sababu Joseph Swan katika mji wa Newcastle na Thomas Edison katika Menlo Park, ambao mwishoni mwa miaka ya 1870 walifaulu kila mmoja kwa njia yake, walilazimika kuitoa hewa ndani ya kioo kabla ya kuutia uzi umeme. Uzi wao ulikuwa wa kaboni. Baadaye William Coolidge alipata njia ya kuuvuta tangisteni uwe waya mwembamba, nayo ni madini yasiyoyeyuka mpaka joto lipite digrii 3,400 za Selsiasi. Kisha Irving Langmuir, karibu na mwaka 1913, akatia ndani ya kioo gesi isiyodhuru uzi, ili madini hayo yasigeuke mvuke upesi. Umeme ukipita katika uzi huo hukuta ukinzani, na ukinzani huzaa joto, hata uzi ukafikia digrii 2,500 au karibu yake: njiani uzi huanza na wekundu, ukapita katika umanjano, ukakaribia weupe, hali ileile aionayo mhunzi katika chuma kinachochomwa kwa mivukuto yake.

Kwa hiyo kitendo chenyewe nakiita mng'ao wa joto, na taa nakiri kuwa haihitaji jina la kubuniwa mezani, kwa maana watu wameshaipa. Balbu ikizimika ghafla usiku, mtu huivua, akaitikisa karibu na sikio, na akisikia kitu kikilia ndani husema, "Uzi umekatika." Yeye ameshataja kiini cha taa ile pasipo kufungua kamusi. Basi na iitwe balbu ya uzi. Ni kweli kwamba watu haohao husema pia "balbu imeungua", na katika mazungumzo hakuna dhambi. Tena liko tukio moja ambalo msemo huo husadifu kabisa, nalo ni pale kioo kinapopata ufa na hewa ikapenya, uzi ukaungua kwelikweli, na ndani ya tufe kukabaki kitu cheupe mfano wa moshi ulioganda.

Ukishajua kwamba nuru ya balbu hii ni zao la joto, utajua pia israfu yake. Katika sehemu 100 za umeme unaoingia, kiasi cha sehemu 5 tu ndizo ziwezazo kuonwa na jicho, na zilizosalia karibu zote hutoka kuwa joto. Wafugaji wa kuku wa Pwani na wa Kiambu walilijua jambo hili kwa vitendo, maana wao huitundika balbu ya wati 100 juu ya vifaranga wa siku moja, na waliotia taa mpya zisizo na joto, wakidhani taa ni taa, waliwakuta vifaranga wamerundikana pembeni wakitetemeka. Hata Ulaya kulitokea kichekesho cha namna hii: mwaka 2010 mhandisi mmoja wa Ujerumani, Siegfried Rotthäuser, aliagiza balbu za uzi na kuziuza kama vipasha joto vidogo vya chumba, akizipa jina la Heatball, akisema kwamba nuru inayotoka ni hasara isiyoepukika. Wakuu wa serikali hawakucheka, wakamzuia. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya watengenezaji waliozibandika zilezile jina la taa.

Istilahi ya pili inayopotoshwa katika habari hizi ni jina la kitendo cha kuziondoa. Magazeti hupenda kuandika kwamba balbu zimepigwa marufuku, na msomaji akafahamu kuwa aliyenayo nyumbani anavunja sheria. Sivyo. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 2009, haikumgusa mtumiaji hata kidogo, bali iliwazuia watengenezaji na waagizaji kuingiza sokoni bidhaa mpya: ilianza na balbu za wati 100, ikashuka mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika Septemba 2012 zikawa zimeguswa na zile ndogo, na zilizokwisha kuwamo maghalani ziliachwa ziuzwe mpaka ziishe. Australia ilitangaza azma kama hiyo mwaka 2007. Marekani ilitia sheria yake sahihi mwaka huohuo, ikaingia katika mabishano marefu ya siasa, na kanuni ya lumeni 45 (lumeni ni kipimo cha nuru) kwa kila wati ikapata nguvu kamili Agosti 2023. Tena sheria hizi aghalabu hazikuitaja balbu ya uzi kwa jina. Ziliweka kiwango cha nuru ambacho kila wati sharti ilete, na balbu ya uzi, ambayo huleta lumeni 12 au 15 tu, ikashindwa mtihani. Jina listahililo ni kuondoshwa kwa awamu, na neno marufuku libakie kwa mambo ambayo mtu hukamatwa akiyatenda.

Wala kilichosukuma uondoshaji huu hakikuwa hali ya hewa siku zote. Kuba, iliyoanza kubadilisha balbu nyumba kwa nyumba katika miaka ya 2005 na 2006, haikushughulishwa zaidi na hali ya hewa ya dunia kuliko na mitambo yake mikuukuu iliyokuwa ikizidiwa. Kwetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Ukame wa 2005 na 2006 ulipolishusha Ziwa Viktoria na kuyakausha mabwawa, Uganda na Rwanda ziligawa balbu mpya kwa wananchi ili kupunguza mzigo wa saa za jioni, wakati kila nyumba inapowasha taa kwa pamoja, na Kenya nayo ikafuata. Kwa Watanzania, miaka hiyo ilijulikana kwa neno moja, mgao, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Wanaosema kwamba jambo hili ni la Wazungu na sisi tumeburutwa tu wameusahau mgao.

Limebaki neno wati, ambalo huenda ndilo lililoleta madhara makubwa zaidi kwa kueleweka vibaya. Wati ni kipimo cha umeme unaotumika, wala si cha nuru inayopatikana; kipimo cha nuru ni lumeni. Maadamu balbu zote zilikuwa za uzi, kosa hilo halikudhuru mtu, kwa kuwa wati nyingi zilileta nuru nyingi. Lakini tangu namna za taa zilipokuwa nyingi, mnunuzi anayepima nuru kwa wati hudanganyika mchana kweupe. Na tuifanye hesabu. Nyumba yenye balbu 4 za uzi za wati 60, zinazowaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 36 kwa mwezi wa siku 30. Zikitiwa taa za LED za wati 9, zenye nuru iliyo sawa au kuzidi, matumizi hushuka mpaka karibu uniti 5 na nusu. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye katika daraja la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo ni kiasi cha sehemu mbili katika tano za fungu lake, na ataiona kwenye mita ya LUKU pasipo kuhubiriwa na mtu.

Katika taa zilizoshika mahali pa balbu ya uzi, halojeni haihitaji maneno mengi, kwa kuwa ni balbu ya uzi iliyoongezewa gesi ya kurefusha maisha yake, na Ulaya ikaiondosha nayo Septemba 2018. Ile ya mirija iliyopindwa, ambayo watu waliizoea kwa jina la enaji seva, ilikuwa na fadhila na aibu pamoja: ilitumia kama robo ya umeme, lakini ndani yake mlitiwa zebaki, kidogo sana, miligramu chache, ila ni sumu. Ikipasuka, dirisha na lifunguliwe, watoto watoke, na vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, visifagiliwe vikatimua vumbi. Kwa ajili ya zebaki hiyo, mataifa ya Afrika ndiyo yaliyopeleka pendekezo katika Mkataba wa Minamata kwamba taa hizi nazo ziondoshwe. Wanachama wakakubaliana mwaka 2022 kwamba utengenezaji na biashara ya enaji seva zenye shingo ya balbu vikome mwisho wa 2025, na mwaka 2023 wakaamua mirija mirefu nayo isivuke 2027. Safari hii Afrika haikungoja kuambiwa.

Iliyosalia ni taa ya LED, ambayo mafundi wa istilahi wakitaka wataiita diodi ya nuru, nami sitawapinga, ingawa herufi hizo tatu zimekwisha kukaa vinywani mwa watu. Ndani yake hamna uzi wala zebaki, bali kipande kidogo cha kitu ambacho umeme ukikivuka hutoa nuru bila kupitia katika joto la kuunguza. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962. Samawati ilichukua miaka thelathini zaidi, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake, kwani nuru nyeupe ya majumbani hupatikana kwa kuifunika samawati hiyo kwa unga wa manjano. Sifa zake ni nyingi, na wadanganyifu wake pia ni wengi: ziko ambazo boksi huahidi saa 25,000 na kumbe kifaa cha kurekebisha umeme kilichomo shingoni hakivumilii mwezi mmoja wa umeme unaopanda na kushuka. Mnunuzi na ayaache maneno ya "sawa na wati 100" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, atafute lumeni: 800 kwa chumba kilichokuwa kikitosheka na wati 60, na 1,500 kwa kilichotaka wati 100, na muuzaji asiyeweza kumwonyesha hesabu hiyo juu ya boksi, balbu yake na ibaki rafuni.