Kocha wa Zamani: Arudi au Asirudi?

Hapa kwetu Chimala, timu ya Dar es Salaam ikifungwa mara mbili mfululizo, hukosi kumsikia mtu akisema, "Arudishwe yule kocha wa zamani!" Mwenzake humjibu kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Yule wa kwanza hang'oki: mwacha asili ni mtumwa. Ubishi huo nimeusikia kituo cha basi, kwenye mashine za mpunga, hata katika mabweni ya shule yetu. Ndugu wasomaji, historia inaweza kutusaidia kuamua.

Simba walianza mwaka 2013 kwa kumrudisha Abdallah Kibadeni. Ndiye aliyefunga mabao matatu Yanga ilipochapwa 6-0 mwaka 1977, na ndiye kocha aliyeifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Msimu hakuumaliza. Agosti 2014 wakamrudisha Mzambia Patrick Phiri, aliyewapa ubingwa wa 2009/10 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Safari hii Simba walitoka sare michezo sita ya kwanza ya ligi, mmojawapo ukiwa ule wa 1-1 na Prisons pale Sokoine, Mbeya.

Yanga nao walikuwa na Mbrazili Marcio Maximo, kocha wa Taifa Stars wa 2006 hadi 2010, aliyerudi nchini kwa shangwe kubwa. Tarehe 13 Desemba 2014 Simba waliwafunga 2-0. Maximo akaondolewa, na Phiri, ingawa alishinda siku ile, naye akafuata muda si mrefu.

Hapo Yanga wakamrudisha Mholanzi Hans van der Pluijm. Huyu alifaulu: ubingwa wa 2014/15 na 2015/16, Kombe la FA mwaka 2016, na hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kwa nini yeye aliweza? Pluijm alikuwa ameondoka katikati ya mwaka ule ule. Aliwakuta akina Nadir Haroub, Kelvin Yondani, Haruna Niyonzima na Simon Msuva, vijana wake wa Machi 2014 Yanga ilipoifunga Al Ahly 1-0. Msaidizi wake, Charles Boniface Mkwasa, alirudi naye. Tena Yanga walimpata Amissi Tambwe, aliyeachwa na Simba mwezi huo huo; msimu wa 2015/16 alifunga mabao 21. Phiri alirudi baada ya miaka kadhaa, timu imekwisha kupita mikononi mwa makocha wanne au zaidi. Jina la klabu lilikuwa lile lile, kikosi sicho.

Hata Pluijm hakudumu milele: mwishoni mwa mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na George Lwandamina.

Nayasema haya kwa sababu kila tukikutana, wapo wenzetu wanaotaka mwalimu wetu wa michezo wa zamani aitwe aifundishe tena timu ya shule. Naunga mkono, mzee aje. Lakini alituachia uwanja uliosawazishwa na vijana waliofanya mazoezi kila jioni. Basi kabla ya kumwandikia barua, sisi wa zamani tuchange nyavu na mipira, nanyi wanafunzi mfyeke uwanja. Asije akakuta jina tu.